Nilimfuata Potwe Mwezi wa Sita

Nilipanda basi la alfajiri Mtwara mjini nikiwa na begi moja, miwani ya kuzamia ya kuazima, na fedha za mgao wa kikoba nilizozifunga kwenye kitambaa. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Mwalimu ana likizo ndefu mbili tu kwa mwaka, ya Juni na ya Desemba, na kwa shauku niliyokuwa nayo Desemba niliiona mbali mno. Nilikuwa nakwenda Kisiwa cha Mafia kumtazama papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, yule ambaye wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu zilizomwagwa.

Mwenye boti nilimpata kwa simu. "Wapo mwaka mzima dada, wewe njoo tu," akaniambia. Nikamtumia nusu ya malipo siku hiyohiyo.

Nilikaa Mafia siku tatu. Siku ya kwanza hatukutoka kabisa, upepo ulikuwa mkali. Siku ya pili tulitoka, na kila wimbi lililopiga ubavu wa boti lilituvika maji ya chumvi kuanzia kichwani. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wake wawili alitapika hadi akaishiwa nguvu, tukalazimika kumlaza juu ya maboya. Nilishuka majini mara moja tu. Maji yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba nilipounyoosha mkono sikuviona vidole vizuri. Siku ya tatu mwenye boti akasema bahari haina dhamana, na fedha hairudi. Nilirudi Mtwara nimenyamaza njia nzima, kutoka Bungu mpaka Nangurukuru, kutoka Nangurukuru mpaka Mnazi Mmoja.

Wiki iliyofuata nikaenda Msimbati kwa mjomba. Nilimkuta amekaa chini ya mkungu, anashona nyavu, kidole gumba cha mguu kimeshika uzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Haya, potwe umemwona?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza swali moja: "Kabla hujatuma hela, ulimuuliza nani upepo?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilizaliwa mita mia chache kutoka ufukweni, babu yangu alikufa akiwa nahodha, mjomba ana zaidi ya miaka hamsini majini, na mimi nilipanga safari ya bahari kwa kutazama kalenda ya shule iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya walimu. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayekusanya fedha zake ili akawaone viumbe wakubwa wa bahari. Hoteli, boti na vifaa vinafuata nyuma. Kwanza jua upepo, kisha mwezi wa angani.

Pwani yetu ina nyakati zake. Kusi huanza kuingia karibu na Aprili na hukaza hasa Juni, Julai na Agosti. Inavuma kutoka kusini mashariki, inasukuma mawimbi makubwa na kuyachafua maji ya kina kifupi. Kuanzia Septemba inalegea. Oktoba na Novemba ndiyo maleleji, upepo unayumba hauna nguvu, na kuna asubuhi bahari inalala kama mafuta kwenye sahani. Kisha kaskazi inachukua hatamu mpaka Machi hivi. Mzamiaji anayetaka kuona mbali majini hutafuta maleleji na kaskazi. Huku kwetu Mtwara lazima pia ukumbuke mvua, kwa sababu tuna msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na Mto Ruvuma ukijaa hutapika tope lake baharini. Tena mvua haiharibu maji tu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika na watu wakakwama njiani.

Kwa potwe hesabu ni rahisi zaidi: Mafia, upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Wakati huo hukaribia pwani kufuata chakula, yaani vijidudu vinavyoelea, uduvi na dagaa. Ndiyo maana mara nyingi utamkuta mahali ambapo wavuvi wa dagaa wanakotupa nyavu zao. Mwenye boti wangu, kwa upande mmoja, hakusema uongo. Watafiti waliwabandika potwe wa Mafia vifaa vya kutoa mlio wakagundua kwamba wengi hawahami. Msimu ukipita hushuka chini zaidi na kusogea mbali kidogo na pwani. Wapo mwaka mzima. Lakini yule aliye mita nyingi chini na wewe uko juu unapigwa na kusi, kwako ni sawa na hayupo.

Jambo ambalo watu wengi wanalikosea ni hili la maji safi. Wanapoona picha za matumbawe kwenye maji ya buluu wanadhani potwe naye yuko humohumo. Potwe anakula maji yaliyojaa chakula, na maji yaliyojaa chakula huwa na ukungu wa kijani. Ukitaka matumbawe yang'ae, panga siku nyingine na mahali pengine. Usilaumu bahari kwa kukupa kimoja kwa wakati mmoja.

Baada ya upepo, mwezi. Hapa mjomba aliacha nyavu kabisa akachora mchangani kwa kijiti. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na mikondo inakimbia. Bamvua ya kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, ndipo utawaona mama zetu wametapakaa kwenye mwamba na vyuma vyao wakisaka pweza, na wengine wameshika kitambaa pande mbili wanatanda. Mwezi ukifikisha siku ya nane, ya tisa, ya kumi, au ya ishirini na mbili mpaka ya ishirini na nne tangu uandame, ni maji mafu. Hapo maji hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, na kujaa kwake huangukia saa nne asubuhi ileile. Kwa mtu anayejifunza kuzamia hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Jua limepanda, maji yamejaa, mkondo umelala. Mwalimu wa uzamiaji mwenye vifaa vya kisasa hutazama jedwali la maji kwenye simu yake. Mjomba hutazama mwezi. Wote wawili hufika kwenye siku ileile.

Basi nikamwambia mjomba nitasubiri Desemba. Akasema, "Desemba sawa. Lakini Septemba uje hapa kwanza. Usikimbilie wageni wa Mafia ukawaacha wageni wa nyumbani."

Wageni wa nyumbani ni nyangumi, wale wenye nundu mgongoni.

Pengine ninahitaji kueleza pale tulipo. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu na mikoko pamoja. Wengi wetu jina la Mnazi tunalijua kwa gesi tu, lile bomba lililoandikwa sana kwenye magazeti. Lakini mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huja kugonga pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kisha unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kwetu, jingine linateremka Msumbiji. Maji yanayofika hapa yamesafiri bahari nzima, yamebeba mayai na vichanga vya viumbe wa kila namna, na wanasayansi wamehesabu zaidi ya aina 250 za matumbawe katika ghuba hii. Na kina kiko karibu. Kuna sehemu unatembea kwenye mwamba maji yako kiunoni, na hatua chache mbele rangi inageuka kutoka kijani hadi buluu nzito. Kwa hiyo mnyama mkubwa anaweza kupita bila kuwa mbali na macho yako.

Nyangumi hawa wanatoka kusini kabisa, kwenye maji ya barafu ya Antaktika wanakolishwa na uduvi wa huko. Wanasafiri maelfu ya kilomita kuja kwenye maji ya joto kupandana na kuzaa, wanapita kwetu kati ya Julai na Novemba, na Agosti na Septemba ndiyo wengi. Mkubwa anafika mita kama 15 na uzito wa tani 30, na mapezi yake ya ubavuni yanakaribia theluthi ya urefu wake. Muda wote akiwa huku karibu hali kitu. Mama anamnyonyesha mtoto kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa kusini. Nilipoisoma habari hii niliwafikiria akina mama wa kliniki ya Mtwara wanaofika na watoto migongoni tangu kabla jua halijachomoza, nami nikawaheshimu hawa nyangumi kwa namna nyingine.

Septemba shule zilipofungwa kwa likizo fupi nikaenda. Tulitoka na mashua ya mjomba baada ya swala ya alfajiri, tumechukua muhogo, ming'oko ya kuchemsha na chupa ya chai. Hatukuwa na pupa. Tulipita Kisiwa cha Namponda, tukatoka nje ya mwamba, mjomba akashusha tanga na kuiacha mashua ielee. Dakika nyingi hakukuwa na kitu. Halafu, kama mita mia mbili hivi, mvuke ukaruka juu, mweupe, ukafuatiwa na sauti ya pumzi nzito kama mtu aliyetua mzigo. Mgongo mweusi ukapanda taratibu, ukaonyesha kijinundu chake, ukazama. Nyuma yake mgongo mwingine mdogo, ukifuata palepale mama alipopita.

Hatukuwafuata. Mjomba ana sheria yake, na nimeona baadaye kwamba wanaoongoza watalii kwa uangalifu wanayo pia: mama mwenye mtoto humwendei, humkati njia, wala humzungushi. Ukitulia yeye ataamua.

Kisha akaniita kwa mkono, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya mashua, sikio kwenye ubao. Nikafanya vilevile. Ubao ulikuwa na unyevu na harufu ya sifa, mafuta ya papa wanayopaka mashua ili mbao zisioze. Mwanzoni nilisikia maji tu yakigonga. Halafu ikaja sauti ndefu, ikipanda, ikikwaruza kidogo mwishoni kama mlango mkubwa wa Mikindani unaofunguliwa polepole. Ikanyamaza. Ikarudi, ileile, kisha ikafuatiwa na mikoromo mifupi mitatu. Madume ndio huimba, na wimbo mmoja huweza kuchukua dakika kumi hadi ishirini kabla hawajaurudia tangu mwanzo, kwa saa nyingi. Mjomba alinong'ona kwamba babu ndiye aliyemfundisha kusikiliza hivyo, na kwamba usiku wa Agosti wakilala baharini walikuwa wanaisikia bila hata kuinamisha kichwa.

Nikamuuliza, "Mjomba, chini umewahi kumwona?"

"Chini? Kwa miwani gani?"

Miaka hamsini na zaidi. Amewaona migongo yao, amewasikia nyimbo zao, amewahi kukata nyavu zake ili potwe aliyejizungushia ndani atoke salama, akapoteza samaki wa siku nzima. Lakini hajawahi kutia uso wake chini ya maji akiwa na kioo machoni. Na mama zetu wanaotanda wanajua kila shimo la mwamba kwa miguu, wengi wao hawajui kuogelea. Jambo hili linaniuma. Bahari hii tunailimia, tunaila, tunaiswalia jeneza za waliozama ndani yake, lakini kuitazama kwa ndani tumewaachia wageni. Mimi nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na mbili, ufukwe wa Shangani, nikifundishwa na mdogo wangu wa kike, nimevaa suruali na gauni refu la kitambaa chepesi kinachokauka haraka na kilemba kilichofungwa vizuri. Wiki mbili, kila jioni, maji yakiwa yamejaa. Kama unapanga safari hii na hujui kuogelea, anza na hilo, miezi mitatu kabla. Linapunguza hofu, na mtu asiye na hofu hatumii hewa nyingi wala hampigi mnyama teke.

Kuhusu mtungi wa hewa: watu wananiuliza kama ni lazima. Kwa potwe si lazima hata kidogo. Anakula juu ya maji, kwa hiyo unahitaji miwani, bomba la kuvutia pumzi na mapezi ya miguuni. Mtungi ni kwa ajili ya ukuta wa mwamba, kuwaona chewa wakubwa walioganda kwenye mapango yao, samaki aina ya taa, kasa anayelala chini ya matumbawe. Cheti cha kwanza cha uzamiaji kinakuruhusu kushuka mita 18. Kabla ya hapo utajaza fomu ya afya, na usifiche kitu: pumu, matatizo ya masikio, kifua, ujauzito. Kila mita kumi unazoshuka msukumo wa maji unaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo masikio lazima uyasawazishe mapema, kabla hayajauma. Na sheria moja mwalimu alinirudishia kila siku mpaka nikaiota: usibane pumzi kamwe. Hewa uliyoivuta chini inatanuka unapopanda, na mapafu hayana pa kuipeleka. Jambo la mwisho, ukishazamia mara kadhaa usipande ndege mpaka saa 18 zipite. Kwa wanaorudi kutoka Mafia kwa ndege ndogo, maana yake siku ya mwisho ni ya kutembea kisiwani.

Miwani isiingie ukungu, tema mate ndani, sugua kwa kidole, suuza kwa maji ya bahari. Hakuna dawa ya dukani iliyonisaidia kuliko hiyo.

Kisha chagua wa kukupeleka. Baada ya yaliyonikuta nina kipimo changu: ninamuuliza mtu ni miezi gani hapendekezi niende. Akisema yote ni mizuri, ninakata simu. Vilevile akikuahidi nguva, achana naye. Nguva kwenye pwani yetu wamebaki wachache sana, hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na mtu mkweli hawezi kumuweka kwenye ratiba. Na kuna yule samaki wa ajabu anayeitwa silikanti, aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dainosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa jirani zetu wa mkoa wa Lindi alinaswa mwaka 2003 kwenye maji ya Songo Mnara. Watu huniuliza kama watamwona. Anaishi chini sana, zaidi ya mita mia. Mtalii hafiki huko.

Muulize pia kuhusu umbali. Kwa potwe, wanaojali wanakutaka ukae angalau mita tatu kutoka mwilini na mita nne kutoka mkiani, usimguse, usimmulike kwa taa ya kamera, na boti zisishindane kumzunguka. Potwe ana madoa yake pekee, hakuna wawili waliofanana, ndiyo maana watafiti wanawatambua kwa picha za ubavuni, karibu na mashavu. Tangu mwaka 2016 ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Mjomba ameshuhudia miaka ya baruti, mlipuko mmoja unaua samaki wote wa mwamba na kuuacha mwamba wenyewe kifusi, na anasema kupona kwake si jambo la mwaka mmoja wala kumi. Kwa hiyo ninapolipa ada ya hifadhi, ambayo kwa sisi raia ni ndogo kuliko ya wageni, ninailipa kwa moyo mmoja na ninadai risiti.

Sasa Desemba inakuja. Fedha safari hii zimetoka sehemu mbili, kikoba na korosho za shamba la mama, ambazo mnada wake umeshalipa. Nimeziweka mbali na za Januari, kwa sababu ada na madaftari havisubiri potwe. Njia ni ileile: basi la alfajiri, kuvuka Rufiji, kushuka Bungu, gari la Nyamisati, kisha kivuko. Nimepanga siku tano kisiwani badala ya tatu, ili upepo ukiharibika siku moja nisirudi mikono mitupu. Siku mbili za potwe, moja ya mwamba, mbili za akiba.

Nimenunua miwani miwili. Wa pili niliupeleka Msimbati Ijumaa iliyopita. Mjomba aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akaujaribu usoni bila kusema neno, kisha akaenda mwenyewe hadi maji yalipomfika kifuani akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo wake tu uko juu. Alipoinuka alikuwa analia au ni maji ya bahari, sikuuliza. Alisema tu kwamba nyasi za chini zinatikisika kama mpunga.

Tumekubaliana tunaondoka mwezi ukiwa na siku tano tangu uandame, ili tukifika Kilindoni maji yawe yanaanza kufa.